Aliyekaa Kichwa cha Nyuma

Nekesa, mama,

Ya chandarua, ya chakula na ya wanaume wa Mombasa mama yako ameshayamaliza, na yaliyobaki ameyaandika kwa karatasi akayasukumia ndani ya begi lako, chini ya viatu. Mimi hapo sina la kuongeza. Wewe umeenda Kayole kuwaaga wenzako, mama yako yuko kwa jirani, na mimi nimekaa kwa meza ya jikoni na kalamu yako ya chuo. Nina jambo moja tu. Nikilisema kwa mdomo nitalipamba, najijua, kwa hivyo naliandika.

Mzee Odhiambo, unayekwenda kufanya kazi chini yake, hana mguu wa kushoto. Ulimwona kwenye picha ya simu akiwa amesimama na fimbo, ukaniuliza ilikuwa ajali gani, nikakupa jibu la miaka yote: redio iliharibika, tukakosa kusikilizana. Redio haikuharibika. Mguu ule niliuvunja mimi, tena nikimsikia vizuri, na baadaye nikadanganya mpaka kazi yake nayo ikaenda.

Kama umesimama, kaa chini, maana bado sijaanza.

Ulipopata barua ya kazi ukanionyesha jina la msimamizi wa msafara, nilitoka nje nikazunguka esteti mpaka giza. Wewe ulifikiri nimeenda kuwatangazia majirani. Siku ya pili nilitafuta nambari yake nikampigia. Sikuwa nimesikia sauti yake kwa miaka kumi na tisa. Nilipomwambia ni mimi, nilisikia kwanza malori yakinguruma nyuma yake.

"Najua mtoto ni wako," akasema. "Nilisoma jina nikajua. Hiyo barua niliweka sahihi mwenyewe."

"Kwa nini, Odhiambo?"

"Mtoto hakuwa kwa usukani, Wafula. Lakini nakuambia kitu moja. Umwambie wewe. Mimi simwambii, na sitaki asikie kwa watu. Akifika hapa kama hajui, namrudisha na basi ile ile."

Akakata simu. Hakunitukana. Ningefurahi sana kama angenitukana.

Wewe injini unazijua kunishinda, nimekuona ukifungua gearbox kama mtu anayemenya ndizi. Lakini chuo hakikukufundisha kusukuma, na ndiko unakokwenda. Mzigo wetu siku ile ulikuwa transfoma, mrefu kuliko safu ya nyumba zetu hapa Mbotela, na trela yake ilikuwa na magurudumu mengi hata ukiyahesabu unapotea. Lori moja haliwezi kupandisha kitu kama kile mlimani. Kwa hivyo hufungwa vichwa viwili, yaani malori mawili yaliyovuliwa trela zao, kimoja mbele kinavuta na kimoja nyuma kinasukuma, na kila kimoja kimeshikwa kwa chuma kinene kama paja. Wa mbele anaona barabara. Wa nyuma haoni kitu ila ukuta wa chuma mbele ya kioo chake. Huyo anaendesha kwa masikio na makalio. Akiambiwa redioni "gusa," anasogea polepole mpaka asikie chuma kimekaza. "Ongeza," anaongeza. "Shikilia," anakaa hapo hapo. "Legeza." "Simama." Na kila neno lazima alijibu, ndipo wa mbele afanye linalofuata.

Injini mbili hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Yangu ilikuwa mpya, yenye nguvu za kuringia. Yake ilikuwa kongwe, ikiitwa inachelewa kuitika. Ukimsukuma wa mbele zaidi ya anavyovuta, mzigo unakosa pa kwenda, unajikunja ubavuni kama kisu cha mfukoni. Ukimwacha avute peke yake, magurudumu yake yanasaga lami mpaka yanatoa moshi, na msafara mzima unaweza kumrudia. Kwa hivyo wa nyuma, hata akiwa na nguvu zaidi, kazi yake kubwa ni kujipunguza amsubiri mwenzake. Mguu wangu uliijua kazi hiyo vizuri sana. Kichwa changu hakikuwahi kuikubali. Niliona nimembeba mtu mzima mgongoni, na sifa anapewa yeye kwa sababu yuko mbele.

Sisi wa nyuma tulikuwa na mchezo mbaya, tuliuita kumpiga mgongo. Wa mbele akichelewa, au akikukera, unakanyaga kidogo tu, mara moja, na yeye anaruka kwenye kiti chake kama amepigwa teke. Halafu unalegeza, unasema redioni, "Pole, mzee, mguu umeteleza." Kila mtu anacheka. Mimi nilikuwa bingwa wa mchezo huo.

Kwa sababu ya michezo kama hiyo, wazee wa kazi walikuwa wameweka desturi ya kikombe. Kabla ya kufungwa vyuma, dereva wa mbele na wa nyuma wanakunywa chai kikombe kimoja, huyu nusu, yule nusu, na kikosi kizima kikitazama. Ukiwa na kinyongo na mwenzako unakataa kikombe. Hakuna anayekuuliza sababu. Msafara unangoja, au dereva anabadilishwa, na hakuna anayekucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa breki ya kwanza, kabla ya breki za lori.

Sasa nikuambie ya siku ile.

Jioni ya kuamkia safari nilikuwa nimempiga mama yako. Sababu nimeisahau, na hilo peke yake lingetosha kunifunga. Nilimpiga kwa ngumi, si kofi, jicho likafunga na mdomo ukapasuka. Wewe ulikuwa na miaka minne, ulikuwa chini ya meza hii ninayoandikia, umeshika mguu wa meza kwa mikono miwili. Sijui kama unakumbuka. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kukuuliza.

Asubuhi Odhiambo alipitia hapa kunichukua, kama kawaida yake, akamkuta mama yako kwa bomba na ndoo. Alingoja tukafika yadi, kikosi chote kimekusanyika, chai iko kwa jiko.

"Wafula, bibi yako amefanyaje uso?"

"Alianguka bafuni."

"Hiyo bafu yenu iko na ngumi?"

Watu walicheka. Odhiambo hakucheka. Akanikaribia akaniambia kwa sauti ya chini, lakini wote walisikia, "Omera, ndugu yangu, mtu wa kupiga bibi mimi siwezi kumweka nyuma ya mgongo yangu."

Nilimrukia. Nilimpiga kichwa cha pua, damu ikamwagika kwenye shati lake, naye akanishika koo akanigongesha kwenye tairi la trela mara mbili mpaka nikaona giza. Walitutenganisha watu watano. Nilikuwa natafuta chuma chochote mkononi, na ningekipata siku ile ningemuua pale pale yadini na barua hii isingekuwepo.

Msimamizi alikuwa na haraka. Ruhusa ya barabara ilikuwa ya siku hiyo, polisi wa kusindikiza wamefika, mzigo unangojwa. Akaleta kikombe. Odhiambo alikitazama muda mrefu. Kisha akajipangusa pua, akanywa nusu yake, akanipa. Najua leo kwamba alinisamehe pale, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Mimi nilikichukua, nikaweka mdomo, nikainua kichwa kama anayemeza. Sikumeza. Nilikwenda nyuma ya lori langu nikaitema ile chai.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Si pale mlimani. Kukataa kikombe kungenigharimu aibu ya dakika mbili tu.

Tulipita Nakuru, tukaanza kupanda kuelekea Mau Summit. Mzigo ulikuwa unapanda vizuri, "ongeza," "nimeongeza," "shikilia," "nimeshikilia," na kila nikiisikia sauti yake naona lile tairi likinijia usoni. Unajua hasira inavyofanya. Inakaa, inajipikia. Hasira hasara, mwalimu alituandikia ubaoni, na mimi niliinakili kwa mwandiko mzuri nikapewa alama zote.

Kwenye kona moja, upande wa kushoto kuna ukuta wa mwamba, gurudumu moja la trela likakaribia mtaro. Odhiambo akasema, "Simama."

Nikajibu, "Nimesimama." Na kweli nilikuwa nimesimama.

Akasema, "Nashuka kuangalia gurudumu. Usiguse."

Nikajibu, "Sawa."

Nilisikia mlango wake ukifunguliwa, Nekesa, kwa sababu aliiacha redio wazi. Nilisikia akikohoa. Kisha nikamsikia akimwambia mtu wa bendera, yule wa kuzuia magari, "Huyu wa nyuma leo ana sumu," na yule mtu akacheka. Nilikanyaga. Nilijiambia ni kumpiga mgongo tu, atingishike, ajue niko. Nilijiambia bado ana mguu mmoja ndani. Lakini nilijua ameshuka. Sehemu moja ya kichwa changu ilijua kabisa, na hiyo ndiyo iliyokanyaga.

Injini yangu ilikuwa mpya, nimeshakuambia. Mzigo ulisogea. Kichwa cha mbele kilikuwa kimefungwa breki na magurudumu yake yamekata kona, kwa hivyo hakikwenda mbele. Kilizunguka kuelekea mwambani, na Odhiambo, aliyekuwa ameshazungukia upande wa mtaro, alikuwa kati. Nilisikia kupitia redio. Sauti ya chuma kwanza, kisha ya mfupa, kisha yake. Alilia kama ng'ombe anayechinjwa vibaya. Sitaki kuipunguza sauti hiyo kwa ajili yako, maana utakaa karibu naye, na hiyo sauti ni yake.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nijichukie zaidi. Sikukimbia kumsaidia. Nilichukua spana ya magurudumu nikaipiga redio mpaka ikapasuka, nikarudisha spana chini ya kiti, ndipo nikashuka. Watu walikuwa wakimvuta. Mguu ulikuwa umebaki kwenye chuma, umeshikwa na ngozi tu. Alinitazama. Alikuwa amepauka, midomo imekauka, akaniuliza, "Si ulisema umesimama?"

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Sikusema kitu. Redio imekufa tangu kona ile ingine."

Kanuni ni kwamba wa mbele hashuki kabla ya kujibiwa. Kwa hivyo kosa likawa lake. Yule mtu wa bendera alijua, lakini alikuwa kibarua na alinyamaza. Odhiambo alifutwa akiwa bado kitandani; hiyo kampuni ya Mombasa ilimchukua baadaye. Mimi nilipewa kichwa cha mbele.

Nilirudi nyumbani siku ya tatu. Mama yako alikuwa anasonga ugali, maji ya pili yanachemka kando. Akaniuliza Odhiambo anaendeleaje. Aliuliza kwa upole, jicho lake bado lina rangi. Nikamwambia asitaje jina hilo kwangu, nikainua mkono. Hakukimbia safari hiyo. Alichukua ile sufuria ya maji akanimwagia, kutoka bega mpaka kidole. Hili kovu niliwaambia nyote ni la rejeta. Si rejeta. Nilianguka hapa sakafuni nikipiga kelele, na yeye akasimama juu yangu ameshika mwiko, akasema polepole, "Wafula, ukinigusa tena sitapigana na wewe. Nitangoja ulale."

Watu wa kanisa wanasema nilibadilika. Mama yako huwaacha waseme. Mimi sikuacha kupiga kwa sababu nimeokoka. Niliacha kwa sababu niliogopa kulala. Wema, kama upo, ulikuja baadaye sana, polepole, na bado siuamini sana. Yeye angeweza kuondoka na wewe mgongoni. Alibaki, na sijawahi kumwuliza kwa nini, kwa kuogopa akianza kufikiria jibu ataondoka.

Jambo la redio alilijua kabla sijamwambia. Nilimwambia mwaka wa kumi. Akasema, "Nilikuwa nangoja," akaendelea kuchagua maharagwe. Tangu hapo hunisukuma nimtafute yule mtu, na mimi hupata sababu: simu haina chaji, mvua, mazishi kwetu Bungoma. Miaka tisa ya sababu, mama. Hata kumpigia mwezi huu sikumpigia kwa ushujaa. Nilimpigia kwa sababu jina lako lilikuwa kwenye karatasi yake.

Sasa la kwako, na ni fupi. Yule fundi wa garaji aliyekushika makalio, ukampasua mdomo kwa spana. Watu wa esteti walikushangilia na mimi nilikuwa wa kwanza. Nilinunua soda, nikasema huyu ni damu yangu. Baadaye mwenzako Shiro aliniambia ilivyokuwa. Alisema ulimpiga mara moja, akaanguka. Kisha ukainama ukampiga tena, na tena, na mara ya nne alikuwa ameshaziba uso kwa mikono na kuomba. Sisemi ulikosea ile ya kwanza. Ningekuwa pale ningekupa spana kubwa zaidi. Ile ya kwanza ni yako. Ile ya nne ni yangu, na naitambua, kwa sababu nimeishi nayo.

Sijui dawa yake. Nikikuambia hesabu mpaka kumi nitakuwa nakuuzia dawa ambayo mimi mwenyewe haikuniponya. Ninachojua ni kwamba haiji ikinguruma. Inakuja kimya, baada ya kusema "sawa." Kama bado wana kikombe huko, na siku hiyo una neno na mtu, kikatae. Acha msafara ungoje. Acha polisi wakasirike.

Na uniamini, nimewaza kuichana barua hii. Ningeweza kukwambia kesho asubuhi kwamba kazi ya Mombasa ni ya hatari, ukae hapa, utafute kazi Industrial Area kama wengine. Ungenisikiliza. Ungebaki, na ungenipenda, na mimi ningekuwa nimemkata mtu mguu na wewe nimekukata njia. Nimechagua uende ukinichukia.

Kesho nitakubebea begi mpaka stendi ya basi, na kama hutaki tutembee pamoja, nitabaki nyuma hatua kumi. Kama una matusi nitukane hapa Mbotela, majirani wasikie, mama yako asikie. Usiyabebe mpaka kule ukamkuta mzee na fimbo yake.

Utakaa kichwa cha nyuma. Wamekuandikia hivyo kwenye barua, dereva msaidizi, kichwa cha nyuma. Odhiambo hawezi tena kukanyaga klachi, kwa hivyo siku hizi anatembea kando ya mzigo kwa mguu wa bandia, redio mkononi, na sauti utakayoisikia kwa spika ni yake. Itafika siku, labda wiki ya kwanza, atasema, "Simama, naingia kuangalia." Ataingia kati ya magurudumu, yeye na mguu wake mmoja, na mwenye jina langu ndiye atakuwa nyuma. Atajikaza asionyeshe kitu, lakini mimi najua atakachokuwa anasikia.

Usimjibu kwa mdomo peke yake. Mdomo nilimpa mimi. Vuta breki, zima injini, izime kabisa hata wenzako wakinung'unika. Toa ufunguo. Kisha toa mkono wenye ufunguo dirishani na uuinue juu, uushikilie hapo, mpaka auone, amalize kazi yake na atoke.

Baba yako,
Wafula